Meno ya Nailoni

Nina mikono miwili kama watu wengine, ila kwa miaka mingi wa kulia ulikuwa wa kazi na wa kushoto ulikuwa wa kufunika mdomo. Mambo yalianza shule ya msingi, meno ya utoto yalipong'oka na mapya yakatoka kila moja na safari yake. Jino la pembeni, juu kushoto, lilipanda juu ya jirani yake kama mtu aliyechelewa ibada akalazimisha kukaa kwenye benchi lililojaa. Ya chini yalisongamana mpaka moja likageuka ubavu. Wenzangu darasani walinitungia majina ambayo sitayaandika hapa, maana baadhi yao ni wateja wangu sasa.

Nauza vitenge Iringo, katikati ya mji wa Musoma, na jioni narudi kwangu Nyasho. Kazi ya vitenge ni ya mdomo. Unasifia, unabishana, unacheka, unasifia tena. Mimi nilifanya yote hayo nyuma ya kiganja. Wateja wageni walidhani nataka kuwanong'oneza bei ya siri, wakanisogelea. Wengine, nilijua, walidhani nanuka mdomo. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwa sababu mimi napiga mswaki kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua.

Mtu mmoja tu hakuuvumilia mkono ule. Bibi yangu, mama mzaa mama, anaishi Butiama, mwendo mfupi kutoka Mwitongo, kwenye nyumba yenye mihogo na mtama nyuma yake. Kila nilipocheka mbele yake alisema maneno yale yale: "Toa huo mkono." Nisipoutoa aliutoa yeye, akauweka juu ya paja langu, akaendelea na habari zake. Nikirudi mjini mkono nao ulirudi mdomoni.

Kilichonichosha hatimaye ni video ya harusi. Dada yangu mkubwa, anayeishi Bunda, alikuwa amemwoza binti yake, na video ikatumwa kwenye simu zetu. Niliifungua dukani asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, nikajitafuta. Nikajikuta meza ya familia, kitenge kimenikaa vizuri, kilemba kimesimama, na mahali pa uso kuna kiganja. Nikasogeza mbele mpaka kwenye keki. Kiganja. Wakati wa zawadi, kiganja. Nilizima simu nikasema kwa sauti, peke yangu dukani, kwamba imetosha.

Siku zile zile ukoo ulikuwa umekubaliana kumfanyia bibi misa ya shukrani mwaka unaofuata, baada ya mavuno. Umri wake hata yeye mwenyewe hana hakika nao, na hatukutaka kuja kumshukuru akiwa hayupo. Mpiga picha angekuwepo. Nikaapa kwamba katika picha za siku hiyo, ambazo huenda ni za mwisho nitakazopigwa pamoja na bibi, nitakuwa na uso.

Daktari wa kunyoosha meno nilimpata Mwanza, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa macho. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kufungwa waya. Yeye aliniingiza mdomoni kitu kama kalamu nene yenye kamera, akakizungusha, na meno yangu yakatokea kwenye kompyuta, makubwa, kila moja na aibu yake. Akanieleza habari ya plastiki. Ni vifuniko vyembamba, angavu, vilivyofinyangwa kwa umbo la meno ya mtu mwenyewe, ila kila jozi imenyooka kidogo kuliko iliyotangulia. Unavaa kimoja juu na kimoja chini, vinasukuma taratibu, meno yakishakubali unahamia jozi inayofuata. Unavivua wakati wa kula na wa kupiga mswaki tu.

"Vikikaa kwenye kikasha havifanyi kazi," alisema. "Na usijaribu kunidanganya, meno yako yatakusema."

Fedha nilizitafuta mwenyewe, na habari ya fedha inaishia hapo.

Dada wa Bunda aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Kwa umri huu? Kwani unaolewa tena?"

"Ndiyo," nikamjibu, "na wewe utakuwa mpambe wangu, anza kupungua."

Wiki za mwanzo zilinitia adabu. Meno yalikuwa yanauma kwa ule uchungu wa chini chini, kama mtu anakusukuma foleni bila kusema neno. Daktari alikuwa amenigandishia vinundu vidogo kwenye baadhi ya meno ili plastiki zipate pa kushika, na vikanichubua shavu kwa ndani. Kila neno lenye "s" lilinitoka limelowa. Jirani yangu wa duka, mama muuza viatu, alinitazama siku nzima, jioni akatoa hukumu: "Una meno ya nailoni." Kufikia kesho yake mtaa mzima ulikuwa unaniita hivyo.

Shida kubwa ilikuwa chakula. Huku kwetu watu hawauzi kitu wala hawasalimiani vizuri bila kutafuna. Mara karanga, mara hindi la kuchoma, mara chai na kiazi, na ukikataa unakuwa umemkataa mtu, siyo karanga. Kwa hiyo kila nilipokaribishwa nilikuwa nageukia ukutani, navua plastiki, naziweka kwenye kikasha, nageuka kula, halafu nasukutua na kugeukia tena ukutani kuvaa. Mama muuza viatu alitangaza kwamba mimi nasali hata kwa karanga moja. Nikaona nitakuwa mtu wa ukutani mpaka lini. Nikaacha kutafuna ovyo. Nikawa nakula kwa wakati na kunywa maji tu katikati, na waliochukia wakachukia, wakazoea. Nilipungua kidogo nikasifiwa, na sikumweleza mtu sababu.

Lile jino lililopanda likaanza kushuka. Niliona kwanza kwenye kioo cha dukani, kile ambacho wateja hujitazama wakiwa wamejitupia kitenge begani. Nikawa nakitumia kuliko wao.

Halafu daktari akaniambia neno lililonikimbiza. Ilikuwa safari yangu ya kawaida ya Mwanza. Akaangalia meno ya chini, akasema lile lililogeuka ubavu limekosa nafasi ya kurudi mahali pake. Lazima apunguze kidogo sana pembeni ya meno, kwa utepe mwembamba wenye msasa, ili yapishane.

"Unataka kunichonga meno?" nikamuuliza.

"Ukipenda kuita hivyo. Kidogo tu, hata huwezi kuona."

Nikainuka kwenye kiti, nikachukua mkoba, nikaaga kwa adabu na kuondoka. Njia nzima ya kurudi nilitazama dirishani na sikuona kitu.

Ili mtu aelewe lazima nieleze meno ya bibi. Meno yake ya mbele ya juu yamechongwa. Alichongwa akiwa msichana, kama wasichana na wavulana wengi wa Wazanaki wa rika lake, kila jino likawa na ncha. Nyumbani hatukuruhusiwa kulisema hilo. Marehemu mama yangu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa kuliko kengele ya kanisa, alitufundisha kwamba hayo ni mambo ya giza na yamekwisha. Wageni wakija, bibi alikuwa anaongea midomo imekaribiana. Katika picha zake zote, kuanzia ile ya ndoa mpaka zile za ubatizo wa wajukuu, mdomo umefungwa kama mfuko ulioshonwa. Nilikua nikijua kitu kimoja kwa uhakika: watu walioendelea hawagusi meno yao kwa chuma. Na sasa mtu aliyesoma, mwenye kompyuta, anataka kuniletea msasa.

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka nikaenda Butiama. Bibi alikuwa kivulini upande wa nyuma, anatenga mihogo mikavu iliyoingia wadudu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia mdomoni hata kabla sijakaa.

"Leta nione hizo nailoni," akasema. Habari zilikuwa zimefika.

Nikazivua, nikazisuuza, nikampa. Akaziinua kwenye mwanga, akazigeuza, akanirudishia bila kucheka. Nikamweleza yote, ya utepe na ya msasa, na nilipofika kwenye neno kuchonga nikaona haya, nikaangalia mihogo.

"Inauma?" akauliza.

"Daktari anasema haiumi."

"Ya kwangu iliuma." Akaweka ungo chini. "Tulikuwaga tunaenda pamoja, wasichana wa rika moja. Unalala chali, shangazi anakushika kichwa kwa mapaja yake, yule mzee anagonga na kisu kidogo. Ukilia unaimbwa kijiji chote. Mimi sikulia. Nilimaliza nikaenda kwa mto nikajiangalia kwa maji, nikasema, haya, sasa mimi ni mtu."

Sikuwahi kumsikia akisema hayo. Nikamuuliza kama hakuona aibu.

"Aibu ya nini? Meno yangu ilikuwa nzuri. Babu yako aliniona nikicheka kwa shamba la watu, ndiyo akaleta ng'ombe." Akaokota muhogo mmoja, akaukagua. "Halafu tukaenda dini. Dini ni nzuri, mimi nasali mpaka leo. Lakini siku ya ndoa ya kanisa, yule katekista akatupanga kwa picha, akaniambia, mama, wewe funga mdomo. Babu yako naye akasema funga. Basi nikafunga. Mama yako alipokua akaniambia funga. Nimefunga mpaka leo."

Nilikasirika. Nilimkasirikia katekista ambaye alishakufa kabla sijazaliwa, nikamkasirikia na mama yangu, Mungu amrehemu, na machozi yakanitoka nikiwa nimekasirika hivyo hivyo. Maisha yangu yote nilimwona bibi kama mtu asiyejua kuona haya, yule anayenitoa mkono mdomoni, kumbe alikuwa anautoa wangu kwa sababu wa kwake ulishashindikana.

"Sikiliza, mama," akaniambia. Wajukuu wa kike wote anatuita mama. "Ya kwangu ilikuwa nzuri wakaniambia mbaya. Ya kwako uliambiwa mbaya toka mwanzo. Nenda kachongwe. Ila siku ya hiyo misa yenu nitakaa na wewe kwa picha. Wewe ukicheka, na mimi nacheka. Ukifunika, na mimi nafunga, mnizike nimefunga."

Jumatatu nilimpigia daktari. Hakuniuliza kwa nini niliondoka. Nilirudi Mwanza nikakaa kwenye kiti kile kile, akapitisha utepe wake katikati ya jino na jino, ukalia kama msumeno wa mbali. Haikuuma. Nilihisi unga kidogo kwenye ulimi, nikasukutua, nikatema. Nilimfikiria msichana aliyelala chali Butiama kichwa kikiwa kwenye mapaja ya shangazi yake, na mimi sikulia.

Toka siku hiyo sikuwa na mchezo. Plastiki nilizivua kula, nikazivaa. Nilizivaa kanisani, sokoni, nikiwa na homa, nikigombana na wenye mzigo. Mama muuza viatu aliponitania nilimwambia aendelee, ila misa ikipita nitamdai pole. Jino la chini likaanza kujigeuza kidogo kidogo, lile lililokuwa limenipa mgongo maisha yote.

Misa ikiwa imekaribia nilirudi kutoka Mwanza na jozi za mwisho, moja nikiwa nimevalishwa hapo hapo kliniki. Kwa hesabu ya daktari ningemaliza siku chache kabla ya sherehe. Nikateremka Bunda kumsalimia dada. Chakula kilikuwa tayari, ugali na sato, na kikasha changu, nikatafuta mkobani mpaka chini, nilikuwa nimekisahau kliniki. Nikaona nisipoteze muda. Nikachukua kikombe kimoja cha pale mezani, nikatia maji kidogo, nikatumbukiza plastiki zangu, nikakisogeza pembeni ya sahani yangu. Tukala. Nikainuka kwenda kunawa.

Kwa dada yangu kikombe cha mgeni hakikai bila chai. Ndivyo mama alivyotulea, na dada analitimiza hilo kuliko amri za Mungu. Na plastiki ile ikiwa majini haionekani. Aliona kikombe mbele ya nafasi yangu, akaona kina maji ya kusuuzia, akayamwaga dirishani kwa mkono mmoja. Plastiki zikabaki zimeng'ang'ania chini. Kwa mkono mwingine akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye sufuria iliyokuwa bado inachemka. Niliporudi alinisogezea kikombe kwa upendo.

"Kunywa ikiwa moto," akasema.

Nilizitoa na kijiko. Ya juu ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, ya chini imefumba kabisa. Dada alishika kichwa. Nilimfokea, sitaficha, nikamwambia kwamba amekuwa akinicheka mwaka mzima na sasa amepata alichotaka. Alisimama pale na sufuria mkononi, mkubwa wangu, analia. Nikalia na mimi. Halafu nikajifuta nikampigia daktari.

Daktari alisema nirudi kwenye jozi ya nyuma ili meno yasirudi kinyume, na ningoje nyingine itengenezwe. Nikamwomba niruke niende jozi ya mbele, maana siku ziko ukingoni.

"Ukiruka utalivunja jino mizizi," alisema. "Utafika, ila hutafika siku hiyo."

Jozi niliyoivua kliniki nilikuwa nayo mkobani, kwenye karatasi, sikuwa nimeitupa. Nikaivaa jioni ile ile. Ilinibana tayari, katika saa zile chache tu. Nikajiambia kwamba kama sitafika nimemaliza, nitafika nikiwa nimevaa.

Siku ya misa Butiama ilijaa watu kuliko viti. Baada ya ibada na chakula mpiga picha alituita mbele ya nyumba. Dada yangu wa Bunda, tangu asubuhi, alikuwa anapita nyuma yangu akiondoa kila kikombe kilichokaa karibu nami. Kikasha changu kipya alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga yake, hataki mtu akishike. Nikavua plastiki, akazipokea.

Nikakaa karibu na bibi. Jino la chini lilikuwa bado limegeuka kidogo. Nililigusa na ulimi, nikalikuta lipo pale pale, halijamaliza. Mbele yetu walikuwa wamesimama padri, wazee wa ukoo, wageni wa mjini, na mama muuza viatu ambaye alikuja bila kualikwa. Mpiga picha akasema tutabasamu. Nikamtazama bibi. Midomo yake ilikuwa imefungwa, ile ile ya picha zote. Nikaona ameshasahau, au ameona watu akaogopa, na hapo hapo nikauhisi mkono wangu wa kushoto unapanda wenyewe.

Haukufika. Bibi aliudaka njiani, akaulaza juu ya paja lake, akaubana hapo kwa mikono yake miwili.

"Toa huo mkono," akasema kwa sauti, mbele ya padri na watu wote. "Mimi nakungoja wewe."

Nikacheka. Sikupanga, kilinitoka tu, kicheko cha kutoka tumboni na meno yote nje, na lile lililogeuka likiwemo. Na bibi akacheka. Wajukuu wengine walikuwa hawajawahi kuyaona yale meno.

Jozi mpya zilikuja baadaye, nikazimaliza, na jino limekaa mahali pake. Picha lakini ni ya siku ile. Nimeitundika dukani, juu ya vitenge. Mteja akiingia huanza na bibi, wala siyo mimi. Anasogea, anakunja uso, anauliza huyu mama meno yake yamefanyaje.

"Yamechongwa," namwambia, nikiwa nimemtazama usoni na mikono yangu yote miwili ikiwa kwenye kitambaa. "Na yangu pia."